Siku yangu moja na mizizi ya mahindi

Saa 12 asubuhi. Niko Siaya, magharibi mwa Kenya, na kibarua changu msimu huu ni kuchimba mahindi ya majaribio yakiwa yanatoa mbelewele, tuone mizizi inavyojibu udongo ukikosa kirutubisho fulani. Tunawahi kabla jua halijakaza, maana mzizi ukinyauka vipimo vyake havina maana tena.

Saa 1 na nusu. Tunaanza na kitalu kisichotiwa kirutubisho cha fosforasi. Mahindi haya yalikuwa na rangi ya zambarau kingoni mwa majani tangu machanga. Napiga sepetu kuzunguka shina, kama sentimita 20 kutoka kwake, nang'oa donge zima na kuliloweka kwenye ndoo yenye sabuni kidogo hadi udongo uachie.

Saa 3. Sasa utamu wa kazi. Mizizi imetambaa juujuu, ina matawi mengi membamba, na kwa lenzi vinyweleo vimesongamana. Udongo wetu una tindikali. Alumini na chuma huikamata fosforasi, haitembei, na nyingi iko tabaka la juu. Mmea unaifuata iliko. Kitalu cha pili, kilichonyimwa naitrojeni, ni kinyume: mizizi michache, imezama wima kufuata naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, iliyosombwa chini na mvua. Nakata mmoja kwa wembe: katikati una vishimo vya hewa. Mmea umeua baadhi ya seli zake ili usizilishe. Si kila mbegu hujibu hivi, ndiyo sababu tunachimba nyingi. Jonathan Lynch, mtafiti wa Marekani, alieleza mwaka 2013 kwamba mizizi michache, mirefu na wima ndiyo ya kutafutwa kwa ajili ya naitrojeni na maji. Kwa fosforasi, shauri jingine. Anayekuuzia mbegu moja kuwa inafaa kila shamba, muulize ni shamba lipi.

Saa 6. Mama mwenye shamba jirani ametuletea uji. Ananionyesha maua ya rangi ya waridi chini ya mahindi yake: ni kayongo, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi.

"Mwanangu, kayongo hii naing'oa kila mwaka. Mbona inapenda shamba langu tu?"

"Mama, ni mahindi yako yanayoiita."

Mahindi yenye njaa ya fosforasi hutoa kemikali iitwayo strigolaktoni kwa wingi zaidi mizizini ili kuwaita kuvu wa kuyasaidia kufyonza fosforasi. Mbegu za kayongo, ambayo Tanzania huitwa kiduha, hunusa kemikali hiyohiyo na kuota. Nikamwambia atie samadi na mbolea ya kupandia shimoni, na apande desmodi, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari: mizizi yake huiamsha kayongo kisha huizuia isishike mahindi. Mbegu za desmodi si rahisi kupatikana, hilo nalo nilimwambia.

Saa 10. Maabara. Mizizi imepigwa picha, iko kwenye oveni, kesho tunaipima uzito. Ninachosubiri kwa hamu ni kitalu kilichonyimwa potasiamu. Huko mmea ukiwa na njaa mizizi haiongezeki, hudumaa, kwa kuwa sukari hukwama majanini.