Asiyepatikana na Aliyeshindwa Kutafutwa

Kwa muda mrefu niliiona Optional ya Java, yaani kasha la lugha hiyo ya programu ambalo huwa na thamani moja au huwa tupu, kuwa dawa ya kila ugonjwa, mpaka siku niliyokuta baadhi ya wateja wana akaunti mbilimbili katika mfumo niliouandika kwa mkono wangu. Funksheni ya kumtafuta mteja kwa baruapepe ilirudisha Optional<Mteja>, na ndani yake nilikuwa nimedaka kila hitilafu na kuandika return Optional.empty(), yaani kurudisha kasha tupu. Hifadhidata ilipolemewa na ombi la kutafuta likakatishwa, funksheni ilijibu bila wasiwasi kwamba mteja hayupo, na hatua iliyofuata ikamfungulia akaunti nyingine. (Safu ya baruapepe haikuwa na sharti la upekee linalozuia baruapepe kurudiwa, hilo nalo lilikuwa kosa langu.)

Tony Hoare, aliyeingiza null (alama ya kutokuwepo kwa thamani) katika lugha ya ALGOL W mwaka 1965, alikiri mwaka 2009 kwamba hilo lilikuwa kosa lake la dola bilioni moja. Java 8 ilipoleta Optional mwaka 2014, ilikusudia aina ya jibu yenyewe imtahadharishe anayeiita funksheni kwamba huenda asipate kitu. Basi, kazi yake inaishia hapo: inasema hakuna, haisemi kwa nini. Lugha ya Rust imeyatenganisha mambo haya waziwazi, kwani Option ni ya thamani inayoweza kukosekana, ilhali Result ni ya kazi inayoweza kushindwa, nayo hubeba maelezo ya kosa lenyewe. Maktaba ya kawaida ya Java haina Result, kwa hiyo siku hizi naiacha hitilafu ya hifadhidata ipande hadi kwa msimbo unaoweza kuamua kama ijaribiwe tena.

Kuita get(), inayotoa kilichomo ndani ya Optional, bila kukagua sikuzungumzii sana: ni kumvua null kanzu na kumvika joho, maana badala ya hitilafu ya NullPointerException utapata ya NoSuchElementException.

Kilichonishangaza ni kwamba hata baada ya marekebisho, jaribio la msimbo lililotumia mteja aliyekwisha kusajiliwa liliendelea kuzaa akaunti ya pili. Nilikuwa nimeandika orElse(funguaAkaunti(baruapepe)), orElse ikiwa ndiyo inayotoa mbadala Optional ikiwa tupu, na Java hukokotoa kilichomo kwenye mabano kabla ya kuingia orElse, mteja awepo asiwepo. Nilipoandika orElseGet(() -> funguaAkaunti(baruapepe)), ambayo huiita funksheni pale tu Optional inapokuwa tupu, jaribio likapita.