Kalipa za laki sita na kopo la elfu kumi na mbili

Nilikanyaga breki, pedeli ikashuka kama nimekanyaga godoro. Tulikuwa tumetoka Newala, tunateremka kwenda Masasi. Mama yuko mbele, shangazi zangu wawili nyuma na viroba vya korosho miguuni mwao. Kona zilikuwa bado zinakuja. Muda mfupi kabla ya hapo mama alishauliza nani anachoma mpira, nami nikajibu kwamba ni wenyeji wanasafisha mashamba. Kumbe ni sisi.

Niliangusha gia kutoka ya nne hadi ya tatu, kisha ya pili. Injini ikapiga kelele, shangazi mkubwa akaanza kumtaja Mungu kwa sauti, nikavuta hendibreki kidogo kidogo mpaka tukasimama pembeni, tairi moja likiwa ndani ya mtaro. Tukakaa chini ya mti nusu saa. Niliporudi kujaribu pedeli, ilikuwa ngumu kabisa, kama hakuna kilichotokea. Hicho kilikuwa kidokezo kikubwa kuliko vyote na sikukielewa. Kichwani nilikuwa na jibu moja tu: breki zangu ni ndogo.

Nilikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Gari langu ni Subaru Impreza iliyotoka Japani na injini ya kawaida isiyo na turbo. Aliyelimiliki kabla yangu, kijana mmoja wa Dar, alitoa injini hiyo akaweka EJ20 yenye turbo. Gia akabadilisha, bomba la moshi akabadilisha, hata kiti cha dereva. Breki akaziacha zilezile. Nilipozipima diski za mbele kwa rula nikapata milimita 277, na kalipa zake, yale makucha yanayobana pedi kwenye diski, ni zile za pistoni mbili upande mmoja. Sasa fikiria: nishati ambayo breki inapaswa kuimeza inakua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 70 kwenda 100 kwa saa, mzigo wa breki unakuwa mara mbili, siyo unaongezeka kidogo kama speedi inavyoonyesha kwenye dashibodi. Na turbo ikishaamka, kufika 100 hakuchukui muda, labda trafiki wa kibao cha hamsini awe amejificha nyuma ya mwembe.

Watu wa Subaru wana dawa yao ya siku nyingi: unachukua kalipa za pistoni nne za WRX, yaani Impreza ya turbo ya kiwandani, pamoja na diski zake za milimita 294, unene 24, unafunga kwenye matundu yaleyale ya boliti. Hakuna kuchomelea wala kuchonga. Wapo waliotaka nipande hadi kalipa za Brembo za STI, Impreza kali zaidi, diski za 326. Hizo zinataka rimu za inchi 17, na kwa mashimo ya huku kwetu, tairi lenye ukuta mfupi juu ya rimu ya 17 ni ugomvi wa kila wiki na fundi pancha.

Nikapiga simu Gerezani, Dar, kwa wauza spea. Muuzaji wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa dada, mwambie shemeji anipigie tuongee." Shemeji hayupo, na hata angekuwepo hajui diski ni nini. Nikahamia kwa wa pili. Huyu nilimwambia aweke vernia, kile kipimo cha unene, kwenye diski anipigie picha. Diski ya aina hii ikifika milimita 22 imekwisha, imeandikwa kwenye chuma chenyewe. Jozi ya kwanza ilisoma 22.3. Nikaikataa. Akaguna, akachimba, akaleta nyingine ya 23.5. Kalipa mbili na diski mbili, sh 600,000, vikapakiwa kwenye basi usiku na kesho yake nikavipokea stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara ndani ya kiroba cha unga.

Tatizo la kwanza lilikuwa rimu. Zangu za inchi 15 hazikuweza kupita juu ya kalipa hizo, nilihitaji 16. Jirani ana Toyota Allion, ana rimu za 16 amezihifadhi stoo, boliti tano, duara la 100, sawasawa na Subaru. Nikazibeba kwa furaha. Tukaweka ya kwanza, ikakwama kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha mtu mzima. Tundu la katikati la rimu ya Toyota ni milimita 54.1, habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili! Kuna wanaozipeleka kwa fundi wa kuchonga vyuma zikatanuliwa, ila siyo rimu za jirani. Nikazirudisha, nikangoja wiki mbili mpaka zikapatikana za Forester.

Fundi wangu ni mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mkorosho huku Shangani, si mbali na bahari. Nikamwamkia, nikamwonyesha mzigo wangu. Akazigeuzageuza kalipa, akazisifu. Kisha akafungua gurudumu la kushoto na kuanza na kile kilichokuwa kwenye gari, akaniita.

"Mwanangu, njoo uone."

Kalipa ya zamani inatakiwa iteleze kwenye pini mbili ili pedi zote zibane diski sawa. Pini ya chini ilikuwa imeganda kabisa kwa kutu. Alipoichomoa, baada ya kuipiga nyundo na kuibembeleza kwa mafuta, ilitoka na unga mwekundu. Pedi ya ndani ilibaki kama milimita mbili, ya nje bado nene kama mpya. Maana yake upande ule pedi moja ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yote. Chumvi ya bahari, akasema, huku Shangani hata bawaba za mlango hazimalizi miaka miwili.

Halafu akafungua kifuniko cha mafuta ya breki. Yanatakiwa yawe karibu na rangi ya asali nyepesi. Yangu yalikuwa kahawa ya msibani.

"Haya umebadilisha lini?"

Sikuwahi kubadilisha. Huwa naongeza tu yakipungua.

Akanieleza, na nikasikia aibu kwa sababu lilikuwa jambo la sayansi ya sekondari. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani, na hewa ya pwani ni maji matupu. Aina ya DOT 3 ikiwa kavu inachemka nyuzi 205 au zaidi. Ikishalowa, kiwango chake cha chini ni 140. DOT 4 ni 230 ikiwa kavu, 155 ikilowa. Mlimani kalipa inapata moto, maji yaliyomo yanageuka mvuke, na mvuke unabonyezeka. Mguu wako unabonyeza mvuke badala ya kusukuma pistoni. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedeli inakuwa ngumu tena. Ndiyo ile nusu saa chini ya mti.

"Kule hukushindwa na udogo wa breki," akasema. "Ulichemsha chai."

Kopo la DOT 4 lililofungwa lilikuwa sh 12,000 pale mjini. Nilimtazama, nikatazama kalipa za laki sita zilizolala kwenye mkeka. Akacheka, akasema tufunge tu, tusitie hasara.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Bati la vumbi nyuma ya diski lilikuwa linagusa, tukalikunja kwa koleo. Mipira ya breki tukaweka mipya, na washa za shaba kwenye boliti yake mpya pia, kwa sababu za zamani zikishabanwa mara moja zinavuja. Pedi mpya. Kopo lililofunguliwa mbele ya macho yangu, siyo lile la nusu lililokuwa kwenye rafu ya fundi bila kifuniko, na nilimwambia hivyo, akakubali kwa shingo upande.

Tukaanza kutoa upepo. Mimi kwenye pedeli, yeye chini na kipande cha mpira mwembamba kilichozama kwenye chupa ya maji ya Uhai. Kanyaga, shikilia, achia. Kanyaga, shikilia, achia. Kopo la kwanza likaisha. Pedeli laini. Kopo la pili likafika katikati. Bado laini. Fundi akaanza kushuku masta silinda, ile pampu kuu ya breki, nami nikaanza kuhesabu pesa ambazo sina.

Kijana anayejifunza kazi, ambaye muda wote alikuwa anaosha boliti kwa petroli, akasogea akachuchumaa.

"Mzee, mbona hii nipo ya upepo inaangalia chini?"

Kimya. Muuzaji wa Gerezani alikuwa ameandika kwa chaki L na R kwenye kalipa, nasi tukamwamini. Alizigeuza. Nipo ya kutolea upepo inatakiwa iwe juu, maana upepo unapanda. Yetu zilikuwa chini, upepo umetulia juu ya kalipa kama mgeni aliyekaribishwa kitandani, na sisi tunamwaga mafuta mazuri mchana kutwa. Tukafungua kila kitu upya, kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. Dakika ishirini za kutoa upepo, pedeli ikawa jiwe. Matone yaliyoangukia mdomo wa bampa niliyaosha haraka kwa maji, lakini moja nililisahau, na rangi pale imevimba mpaka leo. Yale mafuta yanakula rangi kuliko ndege wa bandarini.

Alfajiri ya kesho yake nilitoka barabara ya Mikindani kabla bodaboda hazijaamka. Pedi na diski zinatakiwa kuzoeana: unakwenda 60, unapunguza kwa nguvu hadi 10 bila kusimama kabisa, unarudia, kama mara kumi, kisha unaendesha polepole zipoe. Ukisimama huku umekanyaga, pedi ya moto inaacha alama kwenye diski na usukani utatetemeka baadaye. Mara ya nane nilisikia harufu ileile ya mlimani, ila safari hii pedeli haikusogea hata kidogo.

Niseme ukweli kuhusu kalipa. Kwa kusimama mara moja tu, gari halisimami karibu zaidi kuliko zamani, kwa sababu mwisho wa yote tairi ndilo linaloshika lami, na tairi zangu ni zilezile. Tofauti iko kwenye mara ya tano na ya sita mfululizo. Diski kubwa ina chuma kingi cha kubeba moto, na mguu wako unajua kiasi gani cha kubonyeza. Nyuma sijabadilisha kitu, ila pini nilizichomoa, nikazisafisha na kuzipaka grisi inayovumilia joto.

Mwezi uliofuata nilirudi Newala kumpeleka shangazi mkubwa. Aligoma kukaa mbele. Tukashuka kwa gia ya pili, breki naigusa na kuiachia, na kule chini niliposimama kununua maji nilitia kiganja karibu na gurudumu: moto mkali, pedeli ngumu. Shangazi alishuka, akanusa hewa, akarudi ndani bila kusema neno.

Diski za zamani ziko nyumbani. Mama anazuilia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo wa bahari. Mpya, kila asubuhi, zinakuwa na ngozi ya kutu ya usiku mmoja, na nikitoka getini zinakwaruza kwa sauti kiasi kwamba jirani wa Allion anajua nimechelewa kazini.