Neno la jikoni kwetu

Julai ya mwaka 1990 nilikuwa darasa la nane. Jioni moja nilirudi nyumbani na insha iliyojaa wino mwekundu. Mwalimu alikuwa amezungushia duara maneno matatu: ndia, mato, wata. Pembeni akaandika kwamba hayo si Kiswahili.

Watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, tulikuwa tumelizoea jambo hilo. Nyumbani unasema mato, shuleni unaandika macho. Mara moja moja ulimi wa nyumbani huponyoka ukaingia daftarini, na siku hiyo ulikuwa umeniponyoka mara tatu. Kilichoniuma zaidi ni lile neno la mwisho. Sidhani kuna neno nililoambiwa mara nyingi zaidi utotoni. Bibi akikaanga mahamri, nami nikipeleka mkono kabla hayajachuja mafuta, alikuwa hageuki hata kunitazama: "Wata! Litakuunguza." Yaani wacha. Leo naambiwa neno hilo si lugha.

Nilihitaji daftari jipya niandike insha upya, na madaftari aliyaweka mjomba, aliyekuwa karani bandarini, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake. Nikalivuta. Chini ya kanzu zilizokunjwa palikuwa na kitabu chembamba: Sauti ya Dhiki, cha Abdilatif Abdalla, kimechapishwa na Oxford University Press mwaka 1973. Nikakifungua katikati, nikakutana na shairi ambalo jina lake ni neno moja tu: "Siwati".

Nilibaki nimechuchumaa pale pale, mkono mmoja umeshika mfuniko wa sanduku. Siwati. Siachi. Neno la jikoni kwetu, kwa herufi za chapa, juu ya ukurasa.

Nikatoka nalo mbio hadi barazani. Bibi alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele, uteo mapajani. Nikaanza kusoma kwa sauti niliyofundishwa shuleni, ya kusoma habari. Hakunivumilia hata ubeti mmoja.

"Wayakimbiza. Hayo huimbwa."

Akaupokea ule mshororo kwa mdomo, akautia mahadhi, akasimama penye kina cha kati kisha akashuka taratibu hadi kina cha mwisho. Bibi alijua kusoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tu. Herufi za kizungu hakuzijua, lakini mizani alikuwa nayo kifuani. Nilipojikwaa kwenye "nshishiyelo" alinifungulia bila kufikiri: ni lile nililolishikilia. Kumbe mwandishi anasema haliachi aliloshikilia, afanywe lolote litakalofanywa.

"Nani kayatunga haya?"

Nikasoma jina. Mkono wake ulitua ndani ya mchele ukabaki humo.

"Ndoo ndani," akasema, yaani njoo. "Na dirisha ulifunge."

Kitabu hicho hakikuwa kimepigwa marufuku. Kilikuwa hata kimepewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Lakini mwezi ule watu hawakuwa wakipima mambo kwa sheria. Kenneth Matiba na Charles Rubia, wanasiasa waliodai vyama vingi, walikuwa wametiwa kizuizini siku chache kabla ya Saba Saba, mkutano wao wa tarehe saba Julai, Nairobi kulikuwa kumechafuka kwa risasi na mawe, na watu wazima walikuwa wakipunguza sauti wakipita mtu wasiyemjua. Bibi aliona heri joto la chumbani kuliko masikio ya barazani.

Mambo mengi kuhusu kitabu hicho niliyajua baadaye. Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwaka 1968, chama cha upinzani cha KPU kilipokuwa kikibanwa kila upande, aliandika waraka uliosambazwa kwa siri, jina lake "Kenya: Twendapi?". Akashtakiwa kwa uchochezi, akafungwa miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake chumbani huko Kamiti. Mashairi aliyatunga humo, akayaandika kwenye karatasi za chooni, yakatoka nje kwa siri. Kamiti hiyo hiyo, miaka michache baadaye, Ngũgĩ wa Thiong'o naye aliandika riwaya kwenye karatasi za aina hiyo. Nimesoma vitabu vingi vya siasa tangu siku ile, vingine vizito kama tofali, vyenye nadharia za dola na tabaka. Navipenda. Lakini hakuna kilichonionyesha wazi kama kile jinsi serikali yenye askari, mahakama na magereza inavyoweza kuliogopa swali la neno moja.

Tulifika kwenye shairi la "Mamba". Ni mamba wa mtoni aliyetakabari, anajigamba kwamba ataishi milele, amesahau kwamba kila chenye mwanzo kina mwisho. Nilisoma polepole sasa, kama nilivyofundishwa. Nilipomaliza, Bibi alinyamaza kitambo.

"Rudia hapo pa kujigamba."

Nikarudia. Hakuuliza mamba ni nani, nami sikuuliza. Mwandishi alikuwa na wake mwaka ule alipofungwa, na sisi chumbani mle, dirisha limefungwa, kila mmoja alikuwa akimfikiria wa kwake.

"Walipomshika alikuwa na umri gani?"

Nilihesabu kwa vidole. "Ishirini na mbili."

"Kama mjomba wako wakati ule," akasema, na wakati huo huo mlango ukafunguliwa, mjomba akaingia kutoka bandarini. Akalitazama dirisha, akakitazama kitabu mkononi mwangu.

"Nani kakupa?"

"Nimemwambia mimi asome," Bibi akasema. Haikuwa kweli, ila aliisema kwa namna ambayo haikuacha nafasi ya swali la pili.

Mjomba akavua viatu, akaketi mkekani nasi. Nilitarajia kufokewa. Badala yake alisimulia, akiwa anatazama vidole vya miguu yake, kwamba alikuwa nao ule waraka. Aliupewa usiku, akauleta nyumbani umekunjwa ndani ya kiatu, akauficha chini ya godoro. Aliusoma mara mbili. Habari za kukamatwa zilipoenea alikwenda kuutafuta auondoe, hakuuona. Kwa majuma kadhaa hakupata usingizi, akidhani umeangukia mikononi mwa mtu.

"Hukuupoteza," Bibi akasema. "Niliutia kwenye seredani."

Mjomba akainua uso. Ilikuwa miaka 22, na hawakuwahi kuambiana.

"Nilikuwa nikitandika kitanda. Herufi za kizungu, sikujua umenena nini. Nilijua tu mtoto wa watu kashikwa kwa karatasi, nami karatasi iko ndani ya nyumba yangu." Alikuwa akiusawazisha mchele kwa kiganja, mbele na nyuma, ingawa ulikuwa umeshachambuliwa. "Ulishika moto mara moja. Haukutoa hata moshi."

Hakuna aliyesema neno. Nje muadhini alikuwa ameanza kuadhini Magharibi, na Bibi akangoja adhana imalizike.

"Ulinena nini?" akamuuliza mjomba.

Mjomba alifikiri sana. Niliona midomo yake ikitafuta maneno na kuyakosa.

"Mengi nimeyasahau, mama. Ulikuwa ukiuliza twendapi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, akauweka uteo kando, akajifunga leso vizuri kwa ajili ya sala. Alipofika mlangoni aligeuka kwangu.

"Nikirudi uanze tena. Pale pa siwati."