Printa na Kaizen
Nilipoanza kazi ya klaringi, ya kutoa mizigo ya watu forodhani, hapa Mombasa, bosi wangu alikuwa mzee mmoja wa Kibokoni. Alisimamia kwa macho na kwa sauti. Ukikosea entri ya forodha, ofisi nzima yajua, na kahawa ya saa nne inakutumbukia nyongo. Ukipatia: "Ahsante mwanangu." Basi.

Meneja wa sasa hapigi kelele. Sisi si wafanyakazi tena, ni "timu". Shida nazo zimekuwa "changamoto". Kila Jumatatu twasimama duara kutaja malengo, miguu yaniuma. Ukutani kabandika neno kaizen. Ni Kijapani, maana yake kuboresha. Kule Toyota, fundi akiona kasoro huvuta kamba, na isiporekebishwa upesi mtambo husimama.

Nikamuuliza: bwana meneja, printa ya ghorofa ya pili imekufa tangu Ramadhani, kamba yake iko wapi?

Akacheka. "Tutalijadili nje ya kikao." Printa ingali maiti.

Lakini nisimwonee. Shangazi alipofariki, meneja aliniruhusu kwa ujumbe mmoja tu wa simu. Yule mzee angenipa mawaidha kwanza, ruhusa baadaye, kisha yeye mwenyewe angekuja mazikoni.