Kunja Kidole, Mama

Kisu kiliteleza kwenye kokwa la parachichi kikazama kwenye shina la kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto. Damu haikuwa nyingi. Zahanati walinishona ngozi, wakanifunga bandeji, nikarudi zangu nyumbani, mtaa wa Pasua, Moshi. Usiku ndipo nilipopata hofu. Nikilegeza mkono, vidole vingine vinajikunja vyenyewe, cha shahada kimenyooka peke yake. Nakiamuru, hakisikii. Na mimi ni fundi cherehani. Mkono wa kushoto ndio unaopeleka kitambaa kwenye sindano.

Kulipokucha nilikwenda hospitali kubwa. Daktari wa upasuaji hakukawia: kano zote mbili, zile kamba za mwilini zinazokunja kidole, zimekatika, tena mahali pagumu, pale zinapopita pamoja ndani ya ala nyembamba, yaani mfuko mwembamba unaozifunika. Hakunilaza usingizi. Alinichoma sindano ya ganzi iliyochanganywa na adrenalini, ile inayobana mishipa ya damu, halafu tukasubiri karibu nusu saa. Zamani, alisema, madaktari walikatazwa kabisa kuweka adrenalini kwenye vidole wakihofia vitakufa, mpaka Donald Lalonde na wenzake huko Kanada walipotoa mwaka 2005 matokeo ya wagonjwa zaidi ya 3,000 na hakuna kidole kilichooza.

Katika kusubiri huko akanisimulia pia habari za Sterling Bunnell, Mmarekani aliyewafundisha wengi upasuaji wa mkono. Bunnell alionya kano zisishonwe papo hapo katika sehemu ile, kwa kuwa kovu lilizigandisha kwenye ala na kidole kikabaki kimekakamaa. Bora kufunga ngozi, kisha kupandikiza kano nyingine baadaye. Mwaka 1967 Harold Kleinert wa Louisville, Marekani, akawaonyesha madaktari wenzake matokeo ya kushona kano papo hapo, na wengi hawakumwamini. Namshukuru mtu yule hadi leo, ingawa sijawahi hata kuiona picha yake.

Nilitazama. Kano ni nyeupe, inang'aa. Uzi ulikuwa wa buluu, mwembamba kuliko wowote nilionao dukani, na aliuvusha mara nne kwenye mkato, kisha akazungusha mshono mdogo pembeni ili fundo lisikwaruze. Mshono ule ningeutambua popote kuwa ni wa fundi. Kabla ya kufunga ngozi akaniambia, "Kunja kidole, mama. Polepole." Nikakunja. Niliiona kano ikiteleza ndani ya ala, inakwenda na kurudi, na yeye ameinamisha kichwa anaangalia kama mshono unaachia au unakwama. Haukuachia. Machozi yakanitoka, na ganzi ilikuwa bado imekolea.

Vita vilikuwa nyumbani. Nilifungwa hogo upande wa nyuma ya mkono, vidole vimeinamishwa, na baada ya siku chache tu nikatakiwa kuanza mazoezi: kukikunja kidole kwa mkono wa pili, kukinyoosha mpaka kiguse hogo, basi. Mama mkwe hakutaka kusikia. "Mwanangu, kidonda hakichezewi!" Nilimwomba tuongozane kliniki. Akamuuliza mtaalamu wa mazoezi bila kuzunguka: uzi ukikatika je? Yule kijana alimjibu kwa heshima kwamba hofu yake ni ya kweli, wiki za mwanzo mshono ni dhaifu, ndiyo maana nimekatazwa kushika hata kikombe. Lakini kano isiposogezwa inaganda. Akamweleza kwamba miaka ya 1980 mtafiti Richard Gelberman na wenzake walifanya majaribio kwa mbwa, wakaona kano zilizosogezwa mapema zinapona zikiwa na nguvu kuliko zilizofungwa zitulie. Mama mkwe akanyamaza kidogo. "Basi mwonyeshe tena, na mimi nione."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyenisimamia, na alikuwa mkali kuliko kliniki.

Pingili ya mwisho haikunji yote. Niliporudi kazini nilianza na mashuka, mshono ulionyooka, kisha sare za shule. Kola za mashati zilisubiri mpaka kidole kilipoweza kuibana satini isiteleze.