Kiboko wa Dunga na sukuma zangu

Usiku wa kwanza kiboko alikula mistari mitatu ya sukuma wiki. Wa pili akarudi akala mingine, na alichoshindwa kula akakikanyaga. Asubuhi nilikuta nyayo za vidole vinne, kubwa kama sahani, na mavi yametapakaa mpaka kwenye ua la michongoma. Sukuma ile ndiyo ilikuwa karo ya kijana wangu.

Nalima robo ekari huku Dunga, kando ya kinamasi, si mbali na Kisumu mjini. Ziwa lilipofurika mwaka 2020, maji yalimeza nusu ya shamba. Yaliporudi nyuma nami nikayafuata, nikakata togo, yaani mafunjo, nikapanda mpaka ukingoni. Udongo wa pale mweusi, mbolea ya nini? Sikujiuliza kwa nini wenyeji walikuwa wameuacha.

Nikaenda kuripoti. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama familia hulipwa shilingi milioni 5, na mazao nayo yana fidia yake. Nikajaza fomu, nikapeleka picha. Nauli ya kuifuatilia hiyo fomu ilikula hata pesa ya mboga chache zilizosalia. Safari ya nne karani akaniuliza nilikuwa nimeweka kizuizi gani, maana sheria hiyohiyo haimlipi asiyejaribu kulinda shamba lake. Nilitoka nimefura. Ua la waya ni bei kuliko sukuma ya mwaka mzima!

Ila kilichoniuma hasa ni boti. Wageni hulipa asubuhi wakapelekwe kumtazama kiboko yuleyule aliyelala akila kwangu. Nikashuka ufuoni kwa vijana wa boti, nikawaambia, "Kiboko wenu nimemlisha mwezi mzima. Nadai."

Walicheka. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu hakucheka. "Mama, rao ana njia yake," akasema, yaani kiboko. "Wewe umelima juu ya njia."

Jioni alikuja akanionyesha. Kweli, palikuwa na mfereji uliochimbwa na miguu tu, unatoka majini, unapasua togo, unaingia moja kwa moja kwenye mistari yangu. Akaniambia kiboko ana miguu mifupi, kuruka hawezi, na mtaro wenye kingo zilizosimama wima humgeuza.

Wale vijana, labda kwa aibu, walinichimbia siku mbili. Mimi nikapika ugali na samaki wa mumi. Mtaro ulifika kiunoni, udongo tukaurundika upande wa shamba, na njia yake tukamwachia ipite pembeni kwenda kwenye nyasi. Mistari sita ya upande wa ziwa niliiacha kabisa. Sitaficha, ilinikata moyo, ndiyo iliyokuwa na rutuba kuliko yote. Togo iliota yenyewe. Siku hizi nakata iliyokomaa tu, changa naiacha, nawauzia akina mama wa mikeka. Haifikii sukuma, lakini kiangazi sukuma hunyauka na togo haijali.

Fomu haijajibiwa mpaka leo. Kiboko bado anapita, namsikia akitafuna ng'ambo ya mtaro. Mvua za Aprili hubomoa kingo, kwa hiyo jua likianza kuzama ziwani nashika jembe nikazichonge upya, na nikisikia maji yanakoroma natupa jembe na kukimbia.