Jani la nduma lilivyobeba somo langu la nanoteknolojia

Niliambiwa kwamba kufundisha nanoteknolojia, yaani utumiaji wa vitu vidogo mno, nitafute tu projekta niwaonyeshe wanafunzi video, basi. Sikubaliani. Video humfanya mwanafunzi wa Kidato cha Tatu akariri kwamba nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, ila hajui udogo huo unabadilisha nini.

Nilianza na karatasi. Ukanda wa sentimita 28 unakatwa nusu, na nusu yake nusu tena. Mara ya nane imebaki milimita moja hivi na makasi yameshindwa. Kuifikia nanomita kunahitaji mara 28, wakokotoe wenyewe.

Jaribio la pili, la kumulika chembe ndogo majini kwa leza, ndilo lililonihangaisha. Leza zinapatikana barabara ya Luthuli, Nairobi, shilingi mia mbili au mia tatu hivi. Glasi ya maji yenye tone moja la maziwa huonyesha mwali, kwa kuwa chembe za protini na mafuta hutawanya mwanga. Ukizidisha maziwa, glasi nzima inawaka na mwali unapotea. Glasi ya maji ya chumvi haikupaswa kuonyesha kitu, maana chumvi iliyoyeyuka ni ndogo mno kutawanya mwanga, lakini ilionyesha! Chumvi ya dukani mara nyingi hutiwa kemikali ya kuizuia isigandamane, na nyingine haziyeyuki. Nilichuja mara mbili kwa karatasi ya maabara, nikaacha itulie usiku kucha, nikachota ya juu kwa bomba la sindano. Mwali ukafifia karibu kutoweka. Leza ifungwe kwa mpira juu ya kitabu, ielekee ukutani, isimpige mtu machoni.

Lakini jani la nduma linashinda vyote, na ni la bure. Tone la maji hujiviringa juu yake kama shanga, maana vinundu vyenye nta, vidogo mno kuonekana kwa macho, hushika hewa chini ya tone. Nyunyizia unga wa chaki ya rangi: tone likiteleza huzoa unga wote, nyuma pamebaki safi. Kisha sugua nusu ya jani kwa kidole. Jani ni lilelile, ila vinundu na nta yake vimeharibika, na maji yananata. Hapo ndipo darasa lilipoelewa. Kwa hiyo mtu asilipanguse jani vumbi kabla ya somo. Wengi hufanya hivyo na jaribio linakufa. Utomvu wake unawasha, funga bua kwa karatasi ya plastiki. Likikatwa asubuhi hulegea mchana, basi kwa kipindi cha alasiri leta jingine.